Akiba moja, ubishi ule ule: turekebishe nyumba au tusafiri?

Kila likizo ikikaribia ubishi wetu haubadiliki, mume wangu anachukua simu ananionyesha ziwa limezungukwa na milima, mimi namshika mkono nampeleka chumba cha wageni namwonyesha doa la maji kwenye dari, doa ambalo lilianza kama kisosi na sasa hivi limefika ukubwa wa sinia. Akiba ni moja, siku za likizo hazijaongezeka, na sote wawili tunapenda vyote viwili, ndo tatizo lenyewe. Tumeshakarabati bafu, jiko na upande mmoja wa paa, tumeshasafiri mara tano au sita hivi, nyingine vizuri nyingine kwa aibu, kwahiyo nikaona niviweke hivi vitu ubavu kwa ubavu kwa ajili ya wale ambao nao wanabishana sebuleni saa hizi. Msitegemee niwe mtu wa katikati, nina upande wangu na mtauona.

Hela inavyotoka

Hela ya safari mwisho wake unauona. Unajumlisha tiketi, malazi, bima, nauli za huko na matumizi ya kila siku mara idadi ya siku, basi, unaweza kupitiliza kidogo maana mmoja wenu kaona kikapu kakipenda, lakini hupitilizi mara mbili. Ukarabati hauna adabu hiyo. Unabandua kigae kimoja unakuta nyuma yake bomba limeota kutu, unalifuata bomba unakuta ukuta umelowa, unaufuata unyevu unatokea chumba cha pili nyuma ya kabati la nguo, na mpaka hapo hujanunua hata kigae kipya kimoja. Sisi siku hizi tukishapata jumla tunaongeza 15% mpaka 20% na tunaiweka pembeni kabisa, na kama nyumba ni ya zamani hiyo 20 ndo ya kuanzia.

Alafu kuna vile vihela vidogo ambavyo hakuna anayekwambia. Vigae kwa mfano, nunua ziada ya 10% kwa ajili ya vya kukata na vya kuvunjika, mkitaka viwekwe mshazari fanya 15, na angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, maana vigae vya jina moja vikitoka kwenye matoleo tofauti rangi inaweza kupishana. Sisi tulipungukiwa vitatu, tukaenda kununua vingine, dukani vilikuwa vilevile kabisa, vilipofika ukutani vikawa na rangi ya karatasi ya zamani. Viko nyuma ya mlango. Mgeni havioni, ila mimi kila nikipiga mswaki navihesabu, moja mbili tatu.

Lakini kuna sehemu moja ukarabati unaishinda safari kwenye hela, nayo ni kwamba unalipa kwa awamu. Mambo yakiwa magumu mwezi huu mnasimama, fundi anaenda kazi nyingine, mnaendelea mkipata. Safari hela inatoka mbele yote, tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishwi, mtu akiumwa siku mbili kabla ndo mmeshapoteza kama hamkukata bima, na bima yenyewe mnatakiwa mkate mapema, siku ile ile mnayolipa tiketi ikiwezekana, sio siku ya kupanga begi. Kwahiyo mkiwa na kipato kisichotabirika ukarabati una nafasi ya kupumua. Ila ujue kusimama katikati kuna adhabu yake, safari iliyoahirishwa haikusumbui saa nane usiku, ila jiko lisilo na sinki unaliona kila asubuhi na vyombo mnaoshea bafuni mmechuchumaa.

Na kwa fundi usimalize hela kabla hajamaliza kazi. Hii sio kumdharau, mafundi wazuri wenyewe wameizoea. Acha kipande cha mwisho mpaka umwage maji mwenyewe ukaona yanaenda wapi. Nitarudi hapo kwenye maji.

Muda, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya

Mtu ana likizo ya wiki mbili anasema tutumie hizi wiki mbili tumalize bafu. Bafu lipi? Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba, inashikana kwa kuungana na maji, ndo maana zege bichi linamwagiwa maji au kufunikwa siku 7 za kwanza na nguvu yake mafundi wanaihesabu kwenye siku ya 28. Ile saruji ya kusawazisha sakafu nayo, hesabu ya kawaida ni kama siku moja kwa kila milimita, kwahiyo ukimwaga ya milimita 40 umeshajipa wiki tano sita za kusubiri kabla ya kuweka kitu kinachochukia unyevu kama mbao. Lipu mpya ni kama mwezi hivi kabla ya kuifunga na rangi isiyopumua, ukiharakisha rangi inavimba malengelenge kama ya kuungua. Wiki mbili ni za kupiga rangi chumba na korido, kubadilisha koki, kurekebisha milango inayokwaruza chini, na kulala siku mbili. Hizo zinatosha na zinaleta raha kweli, sidharau.

Safari wiki mbili zinaitosha vizuri ila muda wake mwingi unaliwa kabla hujaondoka. Pasipoti, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele ya tarehe ya safari, na watu wanagundua hilo wakiwa kwenye kaunta na mabegi. Viza inaweza kuchukua wiki kadhaa. Chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai, cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, habari njema ni kwamba tangu 2016 kinadumu maisha, hakuna tena kurudia kila miaka 10. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, mliooana juzi na mmoja kabadilisha jina hili ni lenu. Alafu kuna mwili, ukiruka kanda nyingi za saa hesabu karibu siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki kunaumiza zaidi kuliko magharibi, sasa mtu ana siku saba anaenda mahali penye tofauti ya saa nane, anarudi nyumbani siku ambayo ndo mwili umeanza kufika kule.

Ukiviweka pamoja inakuwa hivi, safari inakula muda wenu kabla, ukarabati unakula muda wenu katikati. Kama kazi zenu haziruhusu kuwepo nyumbani mchana kumwangalia fundi, hilo peke yake linaweza kuwapa jibu.

Ugomvi

Sitaki kudanganya watu, vyote vinagombanisha, ila sio ugomvi wa aina moja. Wa safari ni mfupi na una sababu ya kijinga, mmoja ana njaa, mmoja kashika ramani kichwa chini, mmoja anataka kuamka saa kumi na moja kuona jua likichomoza na mwenzie kaja kulala. Ukipata chakula umeisha. Wa ukarabati ni maamuzi madogo mia mbili mfululizo, soketi iwe urefu gani, mlango ufungukie ndani au nje, nyeupe ipi (kuna nyeupe nyingi kuliko unavyodhani, na zote mbele ya taa ya dukani zinafanana), na maamuzi hayo mnayafanya mkiwa mmechoka, vumbi liko hadi kwenye foronya, na fundi amesimama pale anawasubiri huku mnajifanya mnaelewana.

Mwaka mmoja tulikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa hela kidogo, yaani ndege ya kwanza kampuni moja na ya pili kampuni nyingine, kila moja na malipo yake. Ya kwanza ikachelewa saa tatu. Tulipofika ya pili imeshaondoka na pale kaunta dada wa watu akatwambia kwa upole kabisa kwamba kwao sisi ni abiria ambao hatukutokea, basi. Ingekuwa tiketi moja yenye safari zote mbili wangelazimika kututafutia ndege nyingine, lakini ukikata vipande vipande kila kampuni inajua kipande chake tu. Tukalala kwenye viti vya uwanja wa ndege, vile vyenye mikono ya chuma katikati ili usijinyooshe, mume wangu kichwa kwenye begi miguu juu ya toroli. Tulinuniana mpaka saa tisa usiku, alafu toroli likateleza likaenda na miguu yake. Hiyo hadithi tunaisimulia mpaka leo na kila mmoja ana toleo lake. Ya bafu hatuisimulii kwa kucheka, na miaka imepita.

Kuna utafiti wa Van Boven na Gilovich wa 2003 ambao unapendwa sana kwenye ubishi huu, kwamba watu wakiulizwa wanasema hela waliyotumia kwenye matukio iliwafurahisha kuliko waliyonunulia vitu. Mume wangu anaujua kwa moyo. Mimi sina shida nao, ila paa linalovuja sio kitu ulichonunua ukakizoea kama sofa, paa ni mahali pa kulala ukiwa mkavu. Na pia kukarabati wenyewe kwa mikono yenu ni tukio, ile jumamosi tuliyokwangua rangi ya zamani ya milango redio ikiwa inaimba naikumbuka vizuri kuliko hoteli mbili nilizolala.

Kosa letu kubwa lilikuwa kufanya vyote kwa pamoja

Tulijiona wajanja. Bafu litakuwa limevunjwa, hatutakuwa na pa kuoga, kwanini tusisafiri wiki tatu fundi afanye kazi kwa uhuru tukirudi tukute limeisha? Funguo tukamwachia, na hela karibu yote. Kila jioni anatutumia picha, kweli picha zilikuwa nzuri, mistari ya vigae imenyooka, kona safi, mimi huku nazikuza kwa vidole namwambia mume wangu unaona, unaona.

Tumerudi, bafu linang'aa, fundi keshaondoka. Nikachukua ndoo nikamwaga maji sakafuni. Maji yakasimama kidogo kama yanafikiria, alafu yakaanza kutembea taratibu kuelekea mlangoni. Mtoto wa shemeji alikuwa ameacha gololi sebuleni, mume wangu akaichukua akaiweka kando ya tundu la maji, akaiachia. Ikavingirika mpaka mlangoni, ikapita chini ya mlango, ikaenda korido, tukasikia ikigonga ukuta wa mbele. Hakuna aliyesema kitu.

Sakafu ya bafu inatakiwa iiname kuelekea kwenye tundu, kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, na mwinamo hauonekani kwenye picha, unaonekana kwa pimamaji au kwa ndoo. Tukavunja. Tulipovunja ukuta wa pembeni tukakuta na kiungio cha bomba kinatoa tone, tone moja kila baada ya muda, kwa sababu mabomba yalifunikwa bila kujazwa maji na kuachwa na presha kwanza. Hiyo ya bomba ningekuwepo ningeuliza, sio kwamba mimi ni fundi, ila ukikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa unaangalia mtu akifanya kazi unaishia kuuliza maswali, na mengine yanakuwa ya maana. Siku ya kufunika mabomba na siku ya kumwaga sakafu muwepo, mmoja wenu angalau. Siku za kupiga rangi mnaweza hata kwenda kwa wazazi, na ni bora, harufu ile.

Kufanya wenyewe au kumwita fundi, kwa kifupi: rangi, msasa, kubandua, kuziba nyufa ndogo, kupaka silikoni kwenye kona za bafu fanyeni wenyewe. Umeme, gesi na maji yanayopita ndani ya ukuta mwachieni anayejua. Ukikata vigae kwa mashine tumia maji na barakoa ya kueleweka, vumbi lile lina silika (madini ya mchanga) na mapafu hayalisahau. Nyumba ya zamani sana usikwangue rangi ikiwa kavu kabla ya kujua kama ina madini ya risasi, na bati za asbesto usizivunje wala kuzitoboa mwenyewe, hasa kukiwa na mtoto au mjamzito ndani.

Upande wa safari sina mengi ya kuongeza kwenye ufundi, wengi mnajua. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi sio lile la chini. Begi likifika limevunjika una siku 7 za kuandika malalamiko, likichelewa una siku 21 tangu ulipolipata, hiyo iko kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, na piga picha begi kabla hujalikabidhi.

Sasa nyie mchague nini

Mimi nagawa nyumba sehemu mbili, panapoguswa na maji na pasipoguswa. Maji yanaingia, iwe paa, bomba, ukuta, ukarabati unakuja kwanza na hakuna ubishi, kwa sababu tatizo la maji halikai lilivyo likusubiri, mbao zinaoza, waya zinapata unyevu, ukungu unapanda, mwakani utalipia mara mbili. Ukuta ukiwa na unyevu na hujui unatoka wapi, chukua karatasi ya nailoni, ibandike kwa gundi pande zote nne, iache saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani unaotazama ukuta, unyevu unatoka kwenye ukuta. Yakiwa nje, ni hewa ya chumba, na hapo dawa inaweza kuwa dirisha tu.

Kama hakuna maji, ni vile tu kabati limepitwa na wakati na rangi mmeichoka, nendeni zenu. Kweli kabisa. Kabati baya litakuwepo mkirudi na pengine mtarudi mnaliona sio baya kihivyo. Mnaoishi nyumba za kupanga, sijui hata kwanini mnabishana, safirini, hela ya kupamba nyumba ya mtu muiweke kwenye vitu mtakavyohama navyo. Mnaotarajia mtoto, kazi za vumbi zifanyike mapema na ziishe, sio mimba ina miezi nane ndo mnabomoa. Wenye magoti yanayoanza kulalamika na mna ndoto ya kupanda mlima, msingoje jiko. Na mnaotaka kuuza nyumba karibuni, rekebisheni vinavyovuja na vinavyokwama, urembo mwachieni atakayenunua maana ataubomoa.

Kama mnataka vyote viwili bila kurudia kosa letu, ipangeni safari iangukie kwenye kusubiri. Sakafu imemwagwa mkiwepo, imelowanishwa wiki yake ya kwanza, mabomba yamepimwa, sasa hakuna mtu anayetakiwa kufanya kitu chochote kwa wiki kadhaa zaidi ya kuacha hewa ipite. Hapo ndo ondokeni. Hakuna fundi ndani, hakuna picha za jioni za kukuza kwa vidole.

Doa la chumba cha wageni tumelipandia juu jumamosi iliyopita, kumbe ni kigae kimoja cha paa kimeteleza pembeni ya bomba la hewa, na mpira unaozunguka lile bomba umepasuka. Kazi ya siku moja, na bei yake haifikii hata tiketi ya mtu mmoja. Kwahiyo ziwa lipo, mwaka huu kashinda, na tiketi tutakata moja yenye safari zote sio vipande. Ila nimemwomba pasipoti yake niangalie tarehe, imebakiza miezi minne, saa hizi yuko chumbani anatafuta shati la kupigia picha.